Mkono wa Aliyesubu

Ukitaka kujua kama sarafu ya kale ya Kichina ni ya kweli, anzia kwa mtu anayesubu sufuria. Mimi nilianzia hapo, uani kwa fundi mmoja hapa Morogoro, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado haujaiachia Uluguru. Ndugu yangu aliyekwenda Guangzhou kufuata mzigo wa dukani aliniletea sarafu mbili zenye tundu la mraba, moja ikining'inia kwenye uzi mwekundu wa bahati njema.

Fundi hajui Kichina, wala hakuuliza zimeandikwa nini. Aliigeuza ya kwanza akaitazama ubavuni, akapitisha ukucha kwenye ukingo. "Hii imetoka mchangani," akasema, "na tupa imepita."

Anaijua njia hiyo kwa viganja vyake. Sufuria ya mfano hushindiliwa kwenye mchanga laini wenye unyevu, huondolewa taratibu, likabaki umbo tupu. Alumini humiminwa kupitia mlango mdogo, na ikishapoa, kishikizo cha mlango huvunjwa na pale pakapigwa tupa. Wasubuji wa China nao walishindilia mchangani safu za sarafu mama, wakamimina shaba iliyochanganywa na bati na risasi kwenye mfereji mmoja, zikatoka zimeshikana kama matunda kwenye tawi. Walizivunja, wakazitunga kwenye ufito wa pande nne ili zisizunguke, wakazipiga tupa kingo zote kwa pamoja. Tundu lile la mraba lilimfaa fundi kabla halijamfaa mfanyabiashara na kamba yake.

Hiyo ya kwanza ni Yuanfeng Tongbao, ya miaka ya 1078 hadi 1085, zama za nasaba ya Song. Kutu yake ya kijani imekula hadi ndani ya shaba. Maandishi yamechakaa kwa juu, lakini yanaposhuka kukutana na uwanda bado ni makali. Wala si ghali: mwaka 1080 pekee Song walisubu zaidi ya mafungu milioni 5 ya sarafu zilizotungwa kambani. Anayekutajia bei kubwa kwa sababu ya umri tu, muage kwa heri.

Ya uzi mwekundu ina jina la Qianlong, enzi ya 1736 hadi 1795. Herufi zake zimevimba kama unga uliotiwa hamira. Weusi wake wa "ukale" uliachia kwenye kitambaa chenye mafuta, na chini yake ikatokea njano moja tupu, hadi ndani ya tundu. Fundi akaongeza jambo ambalo nimelithamini kuliko yote: ukisubu kwa kuigiza chombo kilichokwisha kusubiwa, mtoto hutoka mdogo kuliko mama, kwa kuwa metali ikipoa husinyaa. Ndiyo maana nakala ya sarafu halisi huwa ndogo kidogo kwa kipenyo, hata maandishi yakifanana. Na ukikutana na mbili zenye kishimo kilekile mahali palepale, zimezaliwa na mama mmoja.

Hirizi zenye umbo la sarafu ni habari nyingine. Zenye wanyama 12 wa kalenda ya Kichina au alama nane za ubashiri hazikuwahi kuwa fedha, lakini zipo za kale kweli, zilizosubiwa na mikono hodari, nazo zinastahili heshima kwa jina lake. Kosa ni kuiuza hirizi kama fedha.

Ujuzi huu unatuhusu. Mwaka 1945 huko Kajengwa, karibu na Makunduchi, Unguja, zilifukuliwa sarafu 176 za Kichina, nyingi za Song. Sarafu ya Yongle Tongbao, ya zama za safari za baharia wa China Zheng He, ilipatikana Mambrui, pwani ya Kenya, mwaka 2010, na nyingine kisiwani Manda, hukohuko Kenya, mwaka 2013. Hizo zinatueleza mambo ya pwani yetu kwa sababu inajulikana zililala wapi na pamoja na nini.

Basi, msomaji, ukiiona moja ardhini pwani, usiisugue kwa ndimu wala majivu. Kutu ile ni ushahidi. Iache ilipo, weka alama mahali hapo, uwaite watu wa Mambo ya Kale.