Nani Anasimulia? Siegbert Prawer na Sanaa ya Kutisha

Siegbert Salomon Prawer (1925-2012) alizaliwa Köln, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Uingereza mwaka 1939. Alifundisha fasihi ya Kijerumani Birmingham na London, kisha Oxford, alikokuwa profesa tangu 1969 hadi 1986. Vitabu vyake hugusa nyanja tatu ambazo vyuo huzoea kuzitenganisha: hadithi za gothiki, filamu za kutisha na nyimbo za Kiromantiki. Anayevisoma kimojakimoja atadhani mwandishi alitangatanga. Makala haya yanadai kinyume chake: nyanja hizo tatu zinaunganishwa na swali moja, nalo ni nani anasimulia na tumwamini kwa kiasi gani.

Tuanze na muziki. Mwaka 1964 Prawer alitoa mkusanyo wa maneno ya nyimbo za Kijerumani, The Penguin Book of Lieder, pamoja na tafsiri zake za nathari. Tafsiri hizo hazikukusudiwa kuimbwa. Zinamsaidia msikilizaji kujua mwimbaji anasema nini. Faida yake inaonekana tukiuchukua wimbo wa Schubert wa mwaka 1815, Erlkönig, uliotungwa juu ya shairi la Goethe. Mwimbaji ni mmoja, lakini hubeba sauti nne: msimulizi, baba aliyepanda farasi usiku, mtoto aliye kifuani pake, na pepo anayemrairai mtoto huyo. Baba hamsikii pepo. Sisi tunamsikia, tena kwa koo lilelile linalotoa maneno ya baba ya kutuliza. Hatuna njia ya kutoka nje ya sauti hiyo moja ili tuulize ukweli ni upi. Hofu ya wimbo huu imo katika usimulizi wenyewe, wala si katika pepo peke yake.

Hali hiyo tunaikuta pia katika hadithi ya E. T. A. Hoffmann, Der Sandmann, ya mwaka 1816. Hoffmann alikuwa pia mtunzi wa muziki. Opera yake Undine ilionyeshwa Berlin mwaka huohuo. Hadithi inaanza kwa barua tatu, ndipo msimulizi anapojitokeza na kukiri kwamba alitatizika namna ya kuianza. Kijana Nathanael anaamini kuwa anaandamwa na adui wa utotoni. Mchumba wake Clara anaamini kuwa adui huyo yumo kichwani mwake tu. Msomaji huachwa katikati.

Kwa hadithi hii Freud alieleza, mwaka 1919, neno la Kijerumani unheimlich, na Prawer aliifanya dhana hiyo kuwa mada ya mhadhara wake wa kuupokea uprofesa, London, mwaka 1965. Ndani ya neno hilo mna heim, yaani nyumbani. Tukilitafsiri kwa "cha kutisha", nyumba inapotea. Tukisema "kioja", unabaki mshangao bila uchungu. Labda ni afadhali kulieleza kuliko kulitafsiri: ni hali ya mtu kubisha hodi kwake mwenyewe, akaitikiwa kutoka ndani.

Kitabu kinachotumia fikra hizi kwa ukamilifu ni Caligari's Children (1980), kinachoichambua filamu kama hadithi ya kutisha. Hapa Prawer alikabili hoja iliyokwisha kuwa mazoea. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha 1947 juu ya sinema ya Ujerumani, alidai kwamba filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari (1920) ilionyesha mapema jinsi taifa lilivyokuwa tayari kumtii dikteta. Alitegemea maelezo ya Hans Janowitz, mmoja wa waandishi wawili wa hadithi hiyo, kwamba kiunzi cha filamu, ambamo tunagundua kuwa msimulizi ni mgonjwa wa akili, kililazimishwa na watengenezaji. Kwa maelezo hayo, hadithi ya uasi ilipinduliwa ikawa hadithi ya utii.

Mswada wa awali ulipopatikana, ulionyesha jambo jingine. Kiunzi kilikuwamo tangu mwanzo, ila cha namna tofauti: Francis anawasimulia rafiki zake nyumbani kwake, miaka mingi baada ya matukio, akiwa mzima na mwenye mke. Mswada huo ulichapishwa München mwaka 1995, ukitanguliwa na insha ya Prawer mwenyewe. Kwa hiyo kilichobadilika ni hali ya msimulizi. Somo ni zito kwa kila mhakiki: kabla ya kuihukumu jamii kwa hadithi yake, sharti tujue hadithi hiyo ilisimuliwa na nani, na katika nakala ipi.

Je, uangalifu huu haukumgharimu kitu? Tunaona kwamba ulimgharimu. Mtu aliyeikimbia Köln akiwa kijana alikuwa na haki ya kuuliza, kama Kracauer aliyekuwa mkimbizi pia, hofu ile ilielekea wapi. Katika kitabu cha 1980 umbo linapewa nafasi kubwa kuliko watu. Lakini mwaka 2005, akiwa na miaka themanini, alitoa Between Two Worlds, juu ya Wayahudi katika filamu za Ujerumani na Austria tangu 1910 hadi 1933. Waliokuwa nyuma ya vivuli wanatajwa kwa majina. Carl Mayer, mwandishi wa pili wa Caligari, alifariki London mwaka 1944. Janowitz alifariki New York mwaka 1954. Swali la nani anasimulia limepata hapo jibu lenye uso wa mtu.

Tuna hoja moja ya kupinga. Kuziita filamu za kutisha "watoto wa Caligari" ni kuwapa wote baba mmoja. Zombi, aliyeingia sinema ya Marekani mwaka 1932 kwa filamu White Zombie, alitoka Haiti, na wanaisimu wengi hulihusisha jina lake na lugha za Kikongo. Yeye ni kiumbe asiye na hiari, aliyezaliwa katika kumbukumbu ya utumwa, na anayesimuliwa na wengine. Kipimo cha Prawer kinamfaa kuliko jina la kitabu chake.

Ndiyo maana tunawashauri wanafunzi wa fasihi waanze na kipimo hicho. Anayechambua wimbo, ngano au filamu aulize kwanza sauti inatoka kwa nani. Prawer alilihifadhi swali hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwishoni akalielekeza kwa watu wake mwenyewe.