Pongezi kwa Wafua Shuka wa Mbarara

Mgeni anayelala Mbarara, magharibi mwa Uganda, akielekea msitu wa Bwindi hukuta kitanda kimetandikwa, foronya haina hata mkunjo. Mgeni wa jana aliondoka saa nne asubuhi. Huyu mpya anaingia saa nane mchana. Katikati ya saa hizo kuna mwanamke mmoja, beseni na ndoo.

Huanza kwa kukagua. Shuka hukung'utwa na kutazamwa penye mwanga wa dirisha. Damu hulowekwa kwa maji baridi, kwani ya moto huigandisha kwenye uzi. Mafuta ya kujipaka hutaka sabuni na maji ya moto. Tope huachwa likauke, lipigwe brashi kwanza. Jiki ikizidi, kitambaa hulika. Huu ni ujuzi kamili, nami sioni kwa nini huitwa kibarua tu. Halafu kukamua: shuka pana huhitaji watu wawili, kila mmoja akisokota upande wake, na blanketi lililolowa huumiza mgongo wa yeyote.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, sasa wilayani Isingiro, kazi ni ileile, ila maji hubebwa kwa madumu. Suuza ya tatu ndiyo inayoondoa harufu ya sabuni, na ndiyo inayomaliza dumu. Wafuaji waaminifu hawairuki, ingawa hakuna anayewaona.

Mvua za masika zikianza, shuka huanikwa na kuanuliwa mara kadhaa kwa siku. Ikianguka topeni hufuliwa upya, na malipo hubaki ya shuka moja.