Mafuta ya Bata na Haki ya Mnyama

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetuhalalishia vilivyo vizuri akatuharimishia vilivyo viovu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetumwa awe rehema kwa walimwengu wote, na wanyama wakiwemo.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, nataka tuipime sifa moja inayoenezwa sana na waandishi wa mapishi wa Ulaya na Marekani, nayo ni sifa ya mafuta ya bata. Husemwa kwamba ni mafuta matamu, yenye kufaa kukaangia viazi na nyama, na kwamba hayaudhuru moyo. Maneno haya yamewafikia watoto wetu wanaoishi ng'ambo. Wao huona kwamba bata si nguruwe, basi wakadhani kuwa suala limekwisha hapo. Mimi naona kuwa suala ndipo linapoanzia.

Tutazame kwanza sifa hii ilitoka wapi. Tarehe 17 Novemba 1991, kipindi cha televisheni cha Marekani kiitwacho 60 Minutes kilitangaza habari ya kitendawili cha Wafaransa. Mtangazaji alikuwa Morley Safer, na mtaalamu aliyesikizwa sana ni Mfaransa Serge Renaud. Kitendawili chenyewe ni hiki: Wafaransa wanakula siagi, jibini na mafuta mengi ya wanyama, na juu ya hivyo vifo vyao vya maradhi ya moyo ni vichache kuliko vya Marekani na Uingereza. Kipindi kile kiliielekeza sababu kwenye mvinyo mwekundu, na Wamarekani wakakimbilia kuununua. Wapenzi wa mapishi nao wakaongeza lao. Walisema: tazameni watu wa Gascony, kusini-magharibi ya Ufaransa, wanaopikia mafuta ya bata na kuhifadhi nyama ya bata humo humo, mbona mioyo yao ni mizima?

Hoja hii ina kasoro mbili, na zote mbili zaonekana na mwenye kutaka kuona.

Ya kwanza ni ya hesabu. Wamezoea kusema kwamba mafuta ya bata ni jamaa ya mafuta ya zeituni. Na tupime. Katika kila gramu 100 za mafuta ya bata, gramu 33 hivi ni za ile aina inayoganda, ambayo madaktari wanatuonya kwamba hupandisha lehemu katika damu. Katika zeituni aina hiyo ni gramu 14 hivi, katika siagi 51, na katika mafuta ya nguruwe 39. Basi nani jirani wa karibu wa mafuta ya bata? Si zeituni. Ni nguruwe! Sisemi hayo kwa kuharimisha, maana halali na haramu hazipimwi kwa mizani ya gramu. Nasema ili tujue kwamba msifiaji amechagua jamaa wa heshima akamficha jirani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, limeshauri kwamba mafuta yanayoganda yasizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu yote tuipatayo katika chakula. Kwa mtu wa kadiri, hizo ni kama gramu 22 kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya bata kina zaidi ya gramu 4. Mwenye kutumia vijiko vitatu amekwisha kula zaidi ya nusu ya kipimo chake, naye hajagusa maziwa wala nyama.

Kasoro ya pili ni ya haraka. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Uingereza, Law na Wald, waliandika katika jarida la madaktari la BMJ kwamba Wafaransa walianza kuzidisha mafuta ya wanyama miaka mingi baada ya Waingereza, na maradhi ya moyo huchukua makumi ya miaka kujitokeza. Walisema pia kwamba sehemu ya vifo vya moyo nchini Ufaransa ilikuwa haiandikwi kwa jina lake. Ama ule mvinyo uliosifiwa, Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha ulevi kisicho na madhara kwa afya. Muislamu hakungoja tamko hilo ili aache, lakini na tuone jinsi sifa moja isiyopimwa ilivyowapeleka watu wengi kwenye chupa.

Hayo ni ya afya. Na lau yangekuwa ni hayo tu, ningesema: ale kidogo mwenye kutaka, akijua anachokula. Lakini wasifiaji wamenyamaza juu ya jambo kubwa zaidi, nalo ni bata mwenyewe.

Kule kusini-magharibi ya Ufaransa, mafuta ya bata kwa sehemu kubwa hupatikana pamoja na chakula kiitwacho foie gras, maana yake ini nono. Bata anayetumiwa zaidi ni chotara wa bata dume kama hawa tunaowafuga majumbani kwetu pwani na bata jike mweupe wa Kichina. Anapokaribia kuchinjwa, kwa muda wa siku 12 hivi, hutiwa bomba kooni mara mbili kwa siku na kushindiliwa uji wa mahindi, atake asitake. Ini lake huvimba hata likafikia mara saba au kumi ya ukubwa wake wa asili. Sheria ya Ulaya yenyewe inataka ini hilo lisipungue gramu 300 ndipo liuzwe kwa jina hilo. Mafuta yanayojaa chini ya ngozi yake ndiyo yanayoyeyushwa na kutiwa katika mikebe.

Kamati ya wataalamu wa Jumuiya ya Ulaya iliandika mwaka 1998 kwamba ulishaji huu, kwa jinsi unavyofanywa, unamdhuru ndege. Ilitaja kwamba katika majuma mawili ya kushindiliwa hufa bata 2 hadi 4 katika kila 100, na hali bata wa mfano wao wasioshindiliwa hufa kama 2 tu katika kila 1,000. Pamoja na hayo, Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2006 kulihesabu ini hilo kuwa ni urithi wa taifa. Ajabu ya wanadamu! Kitu kikiitwa urithi, huonekana kwamba hakiulizwi tena.

Wanaoutetea ulishaji huu wana jawabu lao. Wanasema: bata na bukini wa mwituni hujinenepesha wenyewe kabla ya safari zao ndefu, basi hili ni tabia ya maumbile. Twakubali kwamba Mwenyezi Mungu amewapa baadhi ya ndege uwezo huo. Lakini ndege wa mwituni hula kwa hiari yake, akaacha kwa hiari yake, na mafuta yakamsaidia kuruka. Huyu chotara hana safari aendayo. Safari yake ni ya kisu.

Sheria yetu yasemaje? Kunenepesha mnyama si dhambi. Imepokewa kutoka kwa Abu Umama (R.A.) kwamba Waislamu wa Madina walikuwa wakiwanenepesha wanyama wao wa udhiya. Lakini kunenepesha ni kumpa chakula kizuri akala, na kushindilia ni kumnyang'anya hata haki ya kushiba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wema umefaradhishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ikiwa dakika ya mwisho ya mnyama imewekewa adabu, je, siku 12 zilizotangulia ziwe hazina adabu? Tena twaijua habari ya ngamia aliyetokwa na machozi mbele ya Mtume (S.A.W.) katika shamba la Answari mmoja, naye akamkanya mwenyewe kwa kumtia njaa na kumchosha. Yule alilalamikia njaa. Huyu bata, lau angepewa ulimi, angelalamikia shibe.

Na mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliziandika haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwazo ni kwamba amlishe, asimbebeshe asichokiweza na asimtie katika udhia. Aliandika hayo zaidi ya miaka 750 iliyopita, kabla ya Ulaya kuwa na kamati yoyote.

Katika maduka ya Ufaransa sasa liko ini nono lenye alama ya halali. Alama hiyo yatuambia namna kisu kilivyopita. Haituambii namna bomba lilivyopita. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, akayataja mawili pamoja, nasi tusiyatenge.

Wala hatusemi kwamba kila mafuta ya bata yametoka katika bomba. Wapo bata wanaofugwa bila ya kushindiliwa, japokuwa wengi katika mabanda makubwa hawapewi maji ya kuogea, na bata bila ya maji ni kama samaki mchangani. Anayefuga bata wake uani, akamwacha ale na aoge, kisha akamchinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, mafuta yake ni riziki njema. Anunuaye mkebe ni juu yake kuuliza.

Nasi tusicheke chungu cha mwenzetu tukasahau chetu. Mafuta ya nazi yana gramu 82 hivi za aina inayoganda katika kila gramu 100, na samli yapata 60. Wali wa nazi, mahamri na sambusa ni neema, lakini kila siku na kila futari? Mwenyezi Mungu ametukataza israfu katika kula na kunywa. Na kuku wetu wanaopelekwa sokoni vichwa chini, miguu imefungwa juani tangu alfajiri, nao wana haki. Mwenye kumlaumu Mfaransa na aanze na tenga lake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kwa shukurani na kufuga kwa huruma, na asitujaalie kuwa miongoni mwa watakaodaiwa na wasio na ulimi. Wabillahi tawfiq.