Skrini Inayosubiri Fremu: Nani Anaihitaji Nyeri?

Gari moshi la Nairobi kwenda Nanyuki, lililorejea mwaka 2020, hupita Karatina na Kiganjo kwa ratiba yake. Ukichelewa, limekuacha. Matatu ya Nyeri kwenda Nairobi haina ratiba, huondoka ikijaa. Skrini za kompyuta nazo ni za aina hizo mbili. Ile ya kawaida huenda kama gari moshi. Ile yenye teknolojia ya Adaptive-Sync, ambayo hapa nitaiita skrini nyumbufu, huenda kama matatu. Vijana wanaocheza gemu za ushindani huambiwa kwamba bila hii ya pili hawana lao. Ninavyoiona mimi, skrini hiyo humfaa mwenye kompyuta ya wastani kuliko bingwa, na mwenye kibanda cha PS4 haimfai hata kidogo.

Inavyofanya kazi

Skrini ya 60 Hz hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.7. Abiria wake ni fremu, picha mojamoja zinazochorwa na kadi ya picha. Shida ni kwamba kadi haichori kwa mwendo mmoja. Uwanja ukiwa mtupu humaliza haraka, moshi na milipuko ikijaa huchelewa.

Fremu ikichelewa hata kwa milisekunde moja, mambo mawili yanaweza kutokea. Ukiwa umewasha V-Sync, mpangilio unaoilazimisha fremu kufuata ratiba ya skrini, fremu hiyo husubiri safari inayofuata, na jicho huona mchezo ukikwama kidogo. Ukiwa umeizima, fremu hudandia gari likiwa mwendoni: nusu ya juu ya skrini huonyesha picha ya zamani na nusu ya chini picha mpya, na katikati huonekana mpasuko. Skrini nyumbufu huondoa yote mawili kwa kuacha ratiba. Husubiri fremu ikamilike, ndipo iionyeshe papo hapo.

NVIDIA, kampuni ya kadi za picha, ilitangulia mwezi Oktoba 2013 kwa G-Sync, iliyohitaji kifaa maalumu ndani ya skrini na hivyo kupandisha bei. Mwaka 2014 shirika la viwango la VESA liliingiza Adaptive-Sync katika DisplayPort 1.2a, na AMD, mpinzani wa NVIDIA, ikajenga FreeSync juu ya kiwango hicho. Januari 2019 NVIDIA nayo ilikubali kadi zake zifanye kazi na skrini hizo. Tangu hapo skrini nyumbufu si anasa tena.

Kibanda cha PS

Katika miji yetu, kuanzia Othaya hadi Nanyuki, ushindani mwingi hufanyika kwenye vibanda vya PS: runinga ukutani, padi mbili, na mechi ya mpira. Mashine ikiwa PS4, usinunue skrini nyumbufu kwa ajili yake, kwa sababu PS4 haina uwezo wa kuitumia. PS5 iliupata uwezo huo Aprili 2022, lakini kwa njia ya HDMI 2.1 pekee na katika kiwango cha 48 hadi 120 Hz. Skrini yenye nembo ya FreeSync lakini HDMI ya zamani haitakusaidia hapo. Isitoshe, gemu ya mpira kwenye mashine hizi huenda kwa fremu 60 zilizotulia, na fremu zikitulia gari moshi halimwachi mtu.

Kinachomponza mchezaji kibandani ni runinga yenyewe. Runinga hupenda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na mapambo hayo hula muda. Hebu fikiria Tekken, gemu ambayo Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliichezea Kenya hadi akasajiliwa na timu ya nje mwaka 2018. Gemu hiyo huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na ngumi zake za haraka zaidi hufika baada ya fremu 10, yaani milisekunde 167. Runinga ikichelewesha picha kwa fremu nne, karibu nusu ya nafasi yako ya kujibu imeliwa kabla hujaona kitu. Hakuna mazoezi yanayoweza kuirudisha.

Dawa yake haigharimu shilingi. Ingia kwenye menyu ya picha, uchague hali iliyoandikwa Game. Ukitaka ushahidi, chukua simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde, uirekodi padi na runinga kwa pamoja, kisha uhesabu fremu kutoka kidole kinapobonyeza hadi mchezaji anapojongea. Kila fremu ya simu ni takriban milisekunde 4.2. Rudia jaribio mara kadhaa hali hiyo ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Tofauti utakayoipata ni muda ambao runinga ilikuwa ikiwaibia wateja wako.

Kompyuta ya mwanafunzi

Sasa twende kwenye hosteli za Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, au za Karatina. Mwanafunzi amenunua kompyuta ya mtumba, akaiongezea kadi ya picha ya bei nafuu. Gemu yake hupanda hadi fremu 90, hushuka hadi 55, hupanda tena. Huyu ndiye mtu ambaye skrini nyumbufu ilitengenezewa. Fremu zake hazitaongezeka hata moja, lakini kila moja itaonekana ikiwa tayari, na jicho litaweza kumfuata adui anayekimbia bila picha kupasuka wala kukwama.

Hata gemu yenye fremu 60 kamili hufaidika kwenye kompyuta. Skrini ya 144 Hz isiyo nyumbufu haiwezi kugawa 144 kwa 60 ikapata namba kamili: hupata 2.4. Kwa hiyo fremu moja hukaa mizunguko miwili, nyingine mitatu, na mwendo huchechemea. Skrini nyumbufu hulimaliza tatizo hilo.

Ila soma namba kabla ya kulipa. Baadhi ya skrini za bei ya chini hunyumbulika kati ya 48 na 75 Hz tu. Mashine ikishuka chini ya 48, unarudi kulekule kwenye mpasuko au kukwama. Ile ya 48 hadi 144 ina ujanja zaidi: fremu zikishuka hadi 40, huonyesha kila moja mara mbili, skrini ikaenda kwa 80 na kubaki ndani ya uwezo wake. Ujanja huo huhitaji kiwango cha juu kiwe walau mara mbili ya kile cha chini, na 75 haifiki mara mbili ya 48. Tumia kebo ya DisplayPort, kisha uweke kikomo cha fremu chini kidogo ya uwezo wa skrini, mathalani 141 kwa skrini ya 144, ili usivuke mpaka wake.

Mabingwa je?

Katika mashindano makubwa ya Counter-Strike, wachezaji hutumia skrini za 360 Hz au zaidi na kompyuta zinazotoa mamia ya fremu. Kwa 360 Hz, safari inaondoka kila baada ya milisekunde 2.8. Aliyeachwa hasubiri sana, na mpasuko hupita kabla jicho halijaukamata. Wengi wao huzima usawazishaji wote, na baadhi huwasha teknolojia ya kupepesa taa ya nyuma ili picha iwe kali, ambayo kwa kawaida haifanyi kazi pamoja na skrini nyumbufu. Ukiwaiga kwenye mashine ya fremu 60 umechukua hasara yao bila faida yao.

Kwa mchezaji wa Nyeri, basi, fedha zifuate mpangilio huu. Kwanza hali ya Game kwenye runinga. Pili waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, kwa sababu hakuna skrini inayoweza kuutuliza mtandao unaoyumba. Tatu kadi ya picha. Nne, kama kadi hiyo bado inayumba, skrini nyumbufu ya 144 Hz.

Nawaomba hasa wenye vibanda. Kijana anayejifunzia kwenye runinga inayochelewa huuzoesha mkono wake saa isiyo sahihi, na siku atakayofika kwenye mashindano Nairobi atabonyeza mapema, ashindwe, aamini hana kipaji. Leo jioni, kabla ya mechi ya kwanza, fungueni menyu ya picha.