Nyanya Asiyeweza Kujitetea

Karisa anaishi mjini. Siku moja anaona kwenye Facebook nyanya yake akiitwa mchawi, basi anarudi kijijini Kilifi kujua kuna nini. Hapo ndipo inapoanzia The Letter, filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Christopher King, iliyooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka wa 2019 na baadaye kuteuliwa na Kenya kuwania Oscar. Anachokikuta Karisa si uchawi. Ni shamba. Wazee wanaitwa wachawi ili ardhi yao igawanywe mapema.

Nguvu ya filamu hii ni nyanya mwenyewe, Margaret Kamango. Ana zaidi ya miaka 90, bado anashika jembe, na akili yake ni timamu. Kamera haimhoji kama polisi. Inakaa naye, inamwacha afanye kazi yake, inangoja. Ukimaliza kutazama unajua kabisa kwamba mama huyu ameonewa.

Lakini hebu tujiulize: tumelijuaje hilo? Tumelijua kwa sababu anajieleza. Maneno yake yana mwanzo na mwisho. Sasa mchukue nyanya mwingine, mwenye umri huo huo na shamba kama hilo, lakini ana dimenshia. Anaamka usiku kutafuta nyumba aliyoihama miaka 50 iliyopita. Anagonga kwa jirani. Anaongea na mtoto aliyekufa zamani. Ukimbana kwa maswali, ubongo wake unaziba pengo kwa chochote kilicho karibu, na anaweza hata kukubali kosa asilolifanya. Kwa jirani mwenye hofu, huo ni ushahidi. Kwa ndugu anayetamani shamba, ni ushahidi mtamu zaidi. Huko Ganze, Kilifi, kuna makazi ya Kaya Godoma wanakokimbilia wazee walioshutumiwa. Ukweli usemwe: mzee asiyeweza kujibu yuko hatarini kuliko anayejibu, na filamu haikumfikia.

Nayaandika haya nikiwa Kwanza, Trans Nzoia, ambako naishi na kukhu wangu mwenye ugonjwa huo. Hakuna aliyemwita mchawi. Ila mahakama ipo, ni ndogo tu. Karibu kila mgeni anayetoka Bungoma au Nairobi anaanza na swali lile lile: "Kukhu, unanijua? Mimi ni nani?" Kukhu anatazama mikono yake. Mgeni anarudia kwa sauti ya juu, kana kwamba shida ni masikio. Akikosea jina, watu wanaangaliana. Mtihani umeisha, ameanguka, na kutoka hapo wanamzungumzia yeye akiwa pale pale, kama kiti.

Kuna mama jirani anayekuja kwa njia nyingine. Anataja jina lake mwenyewe mlangoni, anataja na la mamake, anavuta kigoda, anachukua uteo wa maharagwe na kuanza kuchambua. Haulizi kitu. Baada ya muda kukhu anaingiza mkono wake kwenye uteo, halafu anaanza kuongea Lubukusu, maana Kiswahili alichojifunzia ukubwani ndicho kilichotangulia kwenda. Anasimulia walivyohama Bungoma wakaja huku wazungu walipoacha mashamba. Miaka inachanganyika, lakini mvua, ng'ombe na njaa ya safari hiyo viko sawa kabisa.

Na akiuliza kuka yuko wapi? Ukimwambia alikufa, analia kama ndio mara ya kwanza kusikia, na jioni atauliza tena. Jirani humwambia, "Nieleze vile alikuwa akikuchekesha." Hajamdanganya. Amejibu lile lililo nyuma ya swali, yaani kwamba anamkosa mzee wake.

Ndiyo maana nasema mtindo wa The Letter umeizidi hoja yake. Hoja inasema: msikilizeni huyu mama, kwani hana kosa na akili anayo. Hiyo ni kweli, lakini inaiacha heshima ya mzee itegemee kufaulu kujibu. Mtindo unasema jambo kubwa zaidi: kaeni naye kazini mwake, ngojeni, neno lije lenyewe. Somo hilo linamfaa hata nyanya asiyejua leo ni siku gani, na ndilo ambalo watazamaji wengi watalipita wakikimbilia kujua nani mkweli na nani mwongo.

Itazame, inastahili. Tena itazame pamoja na ndugu zako kabla hamjaitana kikao kuhusu mzee wenu na shamba lake. Ila mkikaa kwenye kikao hicho, msianze kwa kumuuliza kama anawajua. Mwambieni nyinyi ni nani, halafu mchukue uteo.