Penseli ya mwalimu na kosa la kitabu

MAJUZI nilikuwa Karurumo, Kaunti ya Embu, nikamkuta mwalimu wa Kiswahili akipitia nakala za kitabu cha kiada, moja baada ya nyingine, penseli mkononi. Zoezi la virejeshi lilikuwa na jibu hili: ‘Matunda ambazo yameiva.’

“Kuna mtoto aliandika ‘ambayo’, wenzake wakamcheka,” akaniambia. “Wanasema kitabu hakikosei.”

Hebu tutafakari. ‘Matunda’ yamo katika ngeli ya LI-YA, na kirejeshi chake ni ‘ambayo’. Mtoto wa Mombasa akiisoma sentensi hiyo kwa sauti jioni, nyanya yake atamkosoa. Wa Karurumo huzungumza Kiembu nyumbani; kitabu ndicho mzawa wa Kiswahili anayemtegemea. Kosa likishachapishwa, kwake linageuka kanuni.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Mwaka 2017, Tanzania iliondoa shuleni vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa sababu ya makosa. Kwetu, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) huidhinisha vitabu kabla havijafika shuleni. Lakini mengi hugunduliwa baadaye, darasani. Mwalimu akiligundua kosa, hana ruhusa ya kuchapa upya kitabu kilichorekebishwa na kuwagawia wenzake wa Runyenjes. Haki zote zimehifadhiwa.

Hapo ndipo leseni huria inapofaa. Nchini Afrika Kusini, vitabu vya hisabati na sayansi vya Siyavula vilitolewa kwa leseni inayoruhusu watu kunakili, kurekebisha na kusambaza mradi wawataje waandishi. Serikali ya huko ilivichapisha kwa ajili ya shule.

Hata hivyo, leseni haisahihishi neno. Wikipedia ya Kiswahili imekuwa huria tangu 2003, na makosa ya upatanisho wa kisarufi yangali tele humo kwa kuwa wasahihishaji ni wachache. Isitoshe, ruhusa bila mhariri yaweza kuzaa matoleo yanayopingana.

Basi vitabu vinavyogharamiwa na umma vipewe leseni huria, na KICD iwe na orodha moja ya masahihisho: walimu wachangie, wahariri wathibitishe. Wachapishaji watauliza watakula nini. Walipwe vizuri kwa kazi ya kuandaa kitabu, mara moja.

Mwalimu yule alimaliza nakala zake zote. Shule jirani inatumia kitabu kicho hicho.