Kilo Mbili na Nusu na Chungu cha Dagaa

Mwaka 2005 Mark Rippetoe, mwenye jimu katika mji wa Wichita Falls, Texas, alitoa kitabu cha Starting Strength akishirikiana na Lon Kilgore. Kiliandikwa kwa ajili ya makocha: mtu ambaye hajawahi kushika chuma unamwanzishaje? Jibu lake ni fupi. Siku tatu kwa wiki, mazoezi machache ya chuma kirefu, na kila mwanafunzi anaporudi anakuta uzito umepanda kidogo. Miaka hiyohiyo Rippetoe alikuwa akifundisha semina za vyuma chini ya CrossFit, kampuni ya mazoezi ya Marekani, na mwalimu mwingine, Robb Wolf, akifundisha somo la chakula hukohuko, chakula chenyewe kikiwa cha paleo, yaani cha kuiga watu wa kale. Ndivyo mambo haya mawili yalivyozoeleka kutajwa kwa pumzi moja, na ndivyo yanavyomfikia kijana wa Mwanza au Mombasa anayeanza mazoezi leo: nyanyua vizito, acha nafaka, acha maharage, acha maziwa.

Nimeyachambua yote mawili, na ninaona utaratibu wa chuma umejengwa vizuri kuliko utaratibu wa chakula. Asiye na fedha nyingi akiyafuata yote neno kwa neno, utaratibu wa pili unaua wa kwanza.

Tuanze na chuma. Wazo la kuongeza uzito kidogo kidogo lina historia ya hospitali. Katika Vita Kuu ya Pili, daktari Thomas DeLorme alikuwa akiwatibu askari wa Marekani walioumia miguu, katika hospitali ya jeshi mjini Chicago. Badala ya mazoezi mepesi ya muda mrefu, aliwapa uzito mkubwa kadiri ya uwezo wao na kuupandisha walivyoendelea kupona. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Rippetoe alilichukua wazo hilo na kulibana kwa mtu mmoja tu, anayeanza. Mtu huyo yuko mbali sana na kikomo cha mwili wake, kwa hiyo uchovu wa Jumatatu unakuwa umekwisha Jumatano, na mwili umeshajijenga juu kidogo ya pale ulipokuwa. Mnyanyuaji mwenye uzoefu wa miaka kumi hawezi hivyo, maana uzito unaoutikisa mwili wake unahitaji siku nyingi za kupona.

Siku ya kwanza ndiyo inayoonyesha kocha ni wa aina gani. Kocha mzuri anasimama ubavuni, si mbele. Mwanafunzi anabeba chuma kitupu cha kilo 20 mgongoni na kupiga skwati tano. Kocha anatazama jambo moja: je, chuma kinapanda na kushuka kikiwa sawasawa juu ya katikati ya wayo? Kikienda mbele, kisigino kitanyanyuka. Kikienda nyuma, mtu atayumba. Anasahihisha kosa moja tu kwa wakati mmoja: "Magoti nje, mdogo wangu," basi. Ukimpa maelekezo manne kwa pamoja hatatekeleza hata moja. Kisha uzito unaongezwa, tano tena, unaongezwa, tano tena, mpaka mara ya tano ionekane kwa macho kwamba imepunguza kasi. Hapo wanasimama. Uzito huo ndio wa kazi ya siku: seti tatu za mara tano, biashara imekwisha. Kuna makocha wanaotaka kuona mwisho wa nguvu za mtu siku ya kwanza, na wanachopata ni mwanafunzi asiyeweza kushuka ngazi kesho yake, wala hatarudi tena.

Baada ya hapo ni hesabu. Skwati inapanda kilo 2.5 kila kipindi; kusukuma chuma juu ya kichwa kunapanda kilo moja au zaidi kidogo, kwa kuwa misuli ya mabega ni midogo. Aliyeanza na kilo 40 akienda hivyo bila kukwama, baada ya vipindi 12 zaidi yuko kwenye 70. Ongezeko dogo ndilo linalofanya kazi yote, na jimu zetu za mtaani zinakwama hapohapo. Vyuma vya makopo ya zege vina uzito usiojulikana, na kutoka kopo dogo hadi kubwa kuna mruko wa kilo nyingi. Dawa yake ipo. Pima kila kopo kwenye mzani wa muuza nafaka, andika uzito kwa rangi, kisha tengeneza vifuko vya mchanga mkavu vya kilo 1.25 vya kufunga kila upande. Uvifunge vikaze kwenye bomba, visining'inie, kwa sababu mfuko unaobembea unamvuta mtu pembeni. Kwa gharama ya mchanga na turubai, jimu ya zege inakuwa na ongezeko la kilo 2.5 sawa na jimu ya Texas.

Siku itafika chuma kikatae. Hapo Rippetoe ana maswali matatu ya kumuuliza mwanafunzi kabla ya kubadilisha programu. Unapumzika muda gani kati ya seti? Uliongeza kiasi gani? Unakula na kulala vya kutosha? Mawili ya mwanzo kocha anayaona jimuni: dakika tatu hadi tano badala ya moja, kilo mbili na nusu badala ya tano. La tatu linajibiwa nyumbani kwa mwanafunzi, na ndilo linalohitaji fedha.

Kwa vijana wembamba, jibu maarufu la Rippetoe lilikuwa galoni nzima ya maziwa kwa siku, karibu lita 3.8. Sasa mwalimu wa paleo anasema maziwa ni marufuku. Fikra ya paleo ilipata nguvu mwaka 1985, Boyd Eaton na Melvin Konner walipoandika katika jarida la tiba la New England kwamba miili yetu imeumbika kwa chakula cha wawindaji na waokotaji. Mwaka 2002 Loren Cordain akaifanya orodha ya sheria: hakuna nafaka, hakuna jamii ya kunde, hakuna maziwa, na hata mihogo na viazi vitamu akaviweka upande wa vya kuepukwa.

Hebu tuipige hesabu orodha hiyo. Gramu 300 za unga wa mahindi zina zaidi ya kalori 1,000. Ukiondoa ugali huo na kuziba pengo kwa nyama isiyo na mafuta na mboga za majani peke yake, utahitaji mfuko wa mtu mwenye mshahara mkubwa. Wanaoanza hawafanyi hivyo. Wanaondoa ugali, wanaongeza mchicha na kipande kidogo cha nyama, wanapungua mwili, na wiki ya tatu skwati imesimama. Kocha anadhani tatizo ni mbinu.

Marufuku ya mizizi ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa kuwa ushahidi dhidi yake uko hapa Tanzania. Frank Marlowe, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti miaka mingi kwa Wahadzabe, wawindaji na waokotaji wa bonde la Ziwa Eyasi, alionyesha kwamba mizizi inayochimbwa na akina mama ndicho chakula chao cha kutegemea nyakati zote za mwaka. Hawaipendi kama asali au nyama, lakini haikosekani. Basi mwenye kutaka kula kama mwindaji, ale mizizi. Muhogo una takriban kalori 160 kwa gramu 100, kwa hiyo gramu 700 hivi zinaziba pengo la ule unga wote. Kwa viazi vitamu utahitaji zaidi ya kilo. Mihogo michungu isiliwe bila kulowekwa na kupikwa vizuri, kwa ajili ya sumu yake.

Kwa protini, lengo la gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili linamtosha anayejenga misuli. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Kitu cha kwanza kununua ni dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa wanaliwa na miiba yao unapata na kalsiamu. Ubaya wao ni mchanga, kwa sababu wengi huanikwa chini. Waondoe vichwa, waloweke kwenye maji ya moto, wapekeche kwa vidole na kumwaga maji tena na tena mpaka chini ya sufuria usihisi chengachenga. Wachuje, wakaange kwa mafuta kidogo mpaka wakauke, ndipo uweke kitunguu, nyanya, tangawizi, na mwishoni tui zito na ndimu. Tui hilo ni kalori pia, usilione kama kiungo tu.

Gramu 70 za dagaa wakavu, mayai mawili na gramu 150 za firigisi zinakaribia gramu 77 za protini. Maini ni mazuri lakini mara moja kwa wiki yanatosha, kwa sababu ya wingi wa vitamini A, na mjamzito asiyale bila ushauri wa daktari. Supu ya makongoro nayo inasifiwa sana na wanyanyuaji. Ni tamu, inashibisha, ila protini yake ni ya gelatini, ambayo haina kabisa triptofani, kijenzi kimoja muhimu cha protini, kwa hiyo isihesabiwe kwenye zile gramu 96.

Zimebaki karibu gramu 20, na gramu 80 za maharage makavu zinakupa 17. Mihogo na mchicha vitamalizia. Wapaleo wataniambia nimevunja sheria. Hoja yao ni lektini, protini za mimea zinazoweza kusumbua tumbo, na lektini za maharage huharibiwa ukiyaloweka usiku, ukamwaga maji, ukayachemsha kwa moto mkali. Hoja ya kwamba watu wa kale hawakula kunde wala nafaka ni dhaifu zaidi. Katika pango la Kebara, Israeli, zimepatikana mbegu za jamii ya kunde zilizoungua kwenye makazi ya Neandertali, binadamu wa kale. Na kwa nafaka, katika pango la Ngalue, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, mtafiti Julio Mercader alieleza mwaka 2009 juu ya wanga wa mtama kwenye zana za mawe za miaka kama 100,000 iliyopita.

Ninachokichukua kutoka paleo ni mpangilio wa sahani: samaki, mayai au nyama kwanza, mboga nyingi, mizizi, na soda na maandazi nje ya nyumba. Hayo ni mema na ni rahisi kwa bei. Marufuku ya maharage ninaiacha kabisa, na maziwa ninamwachia mwenye tumbo linaloyakubali.

Kwa hiyo kocha aongeze safu moja kwenye daftari, kando ya kilo na marudio: jana usiku ulikula nini, na kiasi gani. Skwati ikikwama mara moja, na mapumziko na ongezeko viko sawa, asiguse programu. Amwambie mwanafunzi aongeze sahani ya mihogo ya tui na bakuli la maharage jioni ya kabla ya zoezi, alale mapema, na arudie uzito uleule. Ukipanda, tatizo lilikuwa chungu. Ukikataa tena, ashushe asilimia kumi, atazame upya njia ya chuma juu ya wayo, na aanze kupanda kilo mbili na nusu nyingine.